Acheni Kutuuzia Kinga

Ingia duka lolote la dawa za asili Kariakoo au Mombasa, au fungulia redio saa za matangazo ya tiba, utakutana na ahadi moja: hii inaongeza kinga ya mwili. Unga wa majani ya mlonge unaongeza kinga. Mafuta ya habasoda yanaongeza kinga. Kitunguu saumu na tangawizi ndani ya asali vinaongeza kinga. Makopo ya virutubisho yanayouzwa nyumba kwa nyumba na majirani waliojiunga na biashara za mtandao nayo yanaongeza kinga, tena kwa bei ya kumtoa mtu jasho. Wakati wa korona mwaka 2020 wimbo huu uliimbwa kila kona, na korona ilipopungua wimbo ukabaki. Leo umeingia hata midomoni mwa wahudumu wa afya. Anayeumwa mafua anaambiwa kinga yake imeshuka. Anayechoka anaambiwa aipandishe. Hata mzima asiye na lolote anaambiwa aiongeze tu, akiba haiozi.

Naipinga kauli hiyo kuanzia kwenye mzizi wake. Wanaoitetea hudhani kosa lake, kama lipo, ni kutia chumvi kidogo: labda mlonge hauongezi kinga sana, lakini kuongeza kinga kwenyewe ni jambo jema. Hapo ndipo penye ubovu. Kinga ya mwili haina kiwango kimoja kinachopanda na kushuka. Ni mkusanyiko wa seli na protini za aina nyingi, nyingine zikichochea mapambano, nyingine zikiyazuia, na afya ya mtu inasimama juu ya uwiano wa pande hizo mbili. Anayeongeza upande mmoja bila kujua mwingine uko wapi hajamkinga mtu. Anacheza na uhai wake.

Shahidi wangu ni ugonjwa mmoja ambao wasomaji wengi hawajawahi kuusikia: upungufu wa damu unaoletwa na kinga kujishambulia, ambao madaktari huuita kwa herufi AIHA. Si ugonjwa wa kila siku. Kila mwaka huwapata watu kati ya 1 na 3 katika kila 100,000. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake hakuna pa kujificha. Mgonjwa wa AIHA hana kinga dhaifu. Anakufa kwa nguvu za kinga yake.

Tuangalie kinachotokea. Seli nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Ikizeeka hukamatwa na seli walaji, makrofeji, zilizojaa kwenye bandama na ini. Huvunjwa, na madini yake ya chuma hurudishwa kwenye uboho wa mifupa kutengenezea seli mpya. Uboho wa mtu mzima hutoa takriban seli nyekundu milioni mbili kila sekunde, ndiyo maana hatuhisi hasara. Katika AIHA, mwili hutengeneza antibodi, zile protini zilizokusudiwa kunasa vijidudu, zikaenda kuzinasa seli nyekundu zikiwa changa na nzima. Kwa wagonjwa walio wengi antibodi hizo ni za aina ya IgG, zinazofanya kazi kwenye joto la kawaida la mwili. Seli iliyovishwa IgG ikifika kwenye bandama, makrofeji huutambua mkia wa antibodi, huikamata seli na kuinyofoa kipande cha utando wake. Kinachobaki hujikunja kuwa tufe. Chini ya hadubini tufe hilo huonekana dogo na limekolea rangi, halina ule weupe wa katikati ambao seli nzima huwa nao. Seli nzima hupindika ikapenya matundu membamba ya bandama. Tufe halipindiki. Likipita tena, linanaswa na kumalizwa.

Iko aina nyingine ambayo antibodi zake ni IgM na hupenda baridi. Hizi huzishika seli nyekundu kwenye ncha za vidole, masikio na pua, mahali damu inapopoa, kisha huamsha protini za kundi la komplementi, na seli nyingi huishia mikononi mwa makrofeji za kwenye ini. Njia ni tofauti, hasara ni ile ile: seli iliyopaswa kuishi miezi minne inakwisha kwa siku chache.

Mgonjwa anaamka na macho ya njano na mkojo mweusi. Akipanda ngazi moyo unamwenda mbio. Majirani wanasema homa ya ini. Zahanati inasema malaria, na pengine kweli malaria ipo. Mwingine anauliza kama ukoo una selimundu. Kipimo kinasoma hemoglobini gramu 5, ushauri unamiminika: anywe juisi ya rosela, ale matembele, ameze vidonge vya chuma, na juu ya yote aongeze kinga. Lakini chuma cha mgonjwa huyu kwa kawaida hakijaenda popote. Seli zinavunjwa ndani ya mwili wake mwenyewe na chuma kinabaki humo humo. Kinachokwisha upesi ni asidi ya foliki, kwa sababu uboho unafanya kazi hata mara sita au nane ya kawaida kujaribu kufidia hasara, ndiyo maana madaktari humpa vidonge vya foliki. Hata damu ya kuongezewa huvunjwa, maana antibodi zake mara nyingi hushika seli za karibu kila mchangiaji, na maabara huhangaika kupata chupa inayopatana. Maisha yakiwa hatarini atawekewa damu hiyo hiyo iliyo nafuu kuliko nyingine, na asinyimwe. Ila kila atakachoongezewa kitaendelea kuvunjwa mpaka ile kinga itulizwe.

Kinachotambulisha ugonjwa ni kipimo kilichobuniwa Cambridge mwaka 1945 na Robin Coombs, aliyekuwa amesomea udaktari wa mifugo, pamoja na Arthur Mourant na Robert Race. Ni kipimo chepesi. Mtaalamu wa maabara huchukua damu ya mgonjwa, huziosha seli nyekundu kwa maji ya chumvi mara tatu au zaidi mpaka kila antibodi iliyokuwa inaelea tu iondoke. Zinabaki zile zilizogandia seli. Kisha hudondosha kitendanishi chenye antibodi dhidi ya antibodi za binadamu, huuzungusha mrija kwenye mashine, huuinua mbele ya taa na kuuinamisha polepole. Kwa mtu mwenye afya zile seli nyekundu zilizotulia chini hutawanyika zikawa laini. Kwa mgonjwa wa AIHA zinainuka kwa mabonge. Hakuna kilichopungua ndani ya mrija ule. Antibodi zipo, tele, zimeshikilia mawindo yao barabara. Mwambie mwenye damu hiyo aongeze kinga.

Kuamini kwamba kinga haiwezi kuwa na ubaya si kosa la wauza dawa wa mitaani peke yao. Liliwahi kuwakamata wanasayansi wakubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Paul Ehrlich aliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine. Akaona wanatengeneza antibodi dhidi ya seli nyekundu za wenzao, lakini hawatengenezi dhidi ya seli zao wenyewe. Akahitimisha kwamba mwili una namna ya kuogopa kujidhuru. Ehrlich alikuwa bingwa, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, na neno lake lilikuwa sheria. Wengi waliomfuata walilichukua kwa maana kwamba kinga kumshambulia mwenyewe ni jambo lisilowezekana.

Ushahidi wa kinyume ulikuwa tayari mezani. Mwaka 1904 mjini Vienna, Julius Donath na Karl Landsteiner walichunguza wagonjwa waliokojoa mkojo wa rangi ya damu kila walipopigwa na baridi. Walichanganya majimaji ya damu ya mgonjwa na seli nyekundu, wakaupoza mchanganyiko kwenye barafu, halafu wakaupasha mpaka joto la mwili. Seli zikapasuka, majimaji yakageuka mekundu. Mchanganyiko usiopozwa haukubadilika. Kitu kilichokuwa ndani ya damu ya mgonjwa kilikuwa kinaziua seli zake mwenyewe. Hata hivyo ilichukua miongo kadhaa kwa wazo hilo kukubalika. Mwaka 1946 kipimo cha Coombs kilianza kutumika kuwatenga wagonjwa ambao seli zao zinavunjwa na antibodi na wale waliorithi kasoro ya seli zenyewe. Mwaka 1959, Dunedin, New Zealand, ukoo wa panya wa maabara uitwao NZB ulionekana kupata AIHA wenyewe, bila kudungwa chochote. Mjadala ukaisha. Zaidi ya nusu karne baadaye, sisi bado tunauziana imani ambayo wanasayansi wameshaiacha.

Sasa swali lenye uzito: kwa nini basi sote hatuugui? Jibu lake ndilo linaloivunja biashara ya kuongeza kinga. Seli zinazoweza kushambulia mwili zimo ndani ya kila mmoja wetu. Nyingi huondolewa zikiwa changa, lakini nyingine huponyoka, na zinazoponyoka hushikiliwa na kundi maalumu liitwalo seli T za udhibiti. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alionyesha kwamba panya wakikosa seli hizo, kinga yao huanza kushambulia viungo vyao wenyewe. Mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani wakaeleza kasoro ya jeni iitwayo FOXP3, ile inayozipa seli hizo kazi yake. Watoto wanaozaliwa na kasoro hiyo huugua kisukari wakiwa wachanga, huharisha bila kikomo, ngozi huwachubuka, na baadhi yao seli zao nyekundu huvunjwa na antibodi. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Ulimwengu wa sayansi ulikuwa unatunuku ugunduzi wa breki za kinga, wakati huku kwetu tangazo la redio linahimiza kukanyaga mafuta.

Kwenye AIHA yenyewe ushahidi uko wazi. Mwaka 2005 ilichapishwa kazi iliyotumia panya wanaodungwa seli nyekundu za panya wa jamii nyingine, jambo ambalo huwafanya baadhi yao waanze kushambulia damu yao. Kwa kawaida karibu 30 kati ya 100 waliugua. Walipoondolewa kwanza seli za udhibiti, waliougua walifika 90 kati ya 100. Na panya waliohamishiwa seli hizo kutoka kwa wenzao walilindwa. Kwa binadamu, vipimo vya wagonjwa vimeonyesha mwelekeo huo huo. Ugonjwa unapopamba moto seli za udhibiti huwa chache kuliko za watu wenye afya, na seli za kundi la Th17, zinazochochea uvimbe kwa kemikali ya IL-17, hupanda sambamba na ukali wa ugonjwa. Seli T saidizi huziamuru seli B, seli B hukomaa kuwa seli za plazma, na seli za plazma hufyatua antibodi mchana na usiku. Hakuna hatua hata moja katika mnyororo huo inayohitaji nguvu zaidi. Kinachokosekana ni wa kusema basi.

Shuleni tulifundishwa kwamba seli nyeupe ni askari wa mwili, na mfano huo ndio unaotupotosha. Ukiambiwa una askari, utataka wengi. Hatukuambiwa kwamba askari asiye na amri huingia nyumba ya raia.

Mtu atasema: hizo ni habari za panya na wagonjwa wachache, mimi mzima nikiongeza kinga yangu nitapata hasara gani? Jibu lipo, maana wako watu ambao kinga yao imewahi kuongezwa kweli, kwa dawa zenye uwezo huo. Machi 2006, katika hospitali ya Northwick Park, London, vijana sita wenye afya njema walijitolea kujaribishiwa dawa iitwayo TGN1412, iliyotengenezwa kuziamsha seli T moja kwa moja. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa wanatapika na kutetemeka kwa homa, na haukupita muda viungo vyao vya ndani vikaanza kushindwa kazi. Waliokolewa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Chukua pia dawa za saratani zinazoondoa breki za seli T, kama ipilimumabu na nivolumabu, zilizotokana na kazi iliyowapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Zimeokoa watu waliokuwa wamekata tamaa, na nazisifu. Lakini kila daktari anayeziandika anajua bei yake: kinga ikiachiwa ili izishike seli za saratani, huweza pia kushika tezi ya shingo, utumbo, mapafu na ngozi, na kwa wagonjwa wachache hushika seli nyekundu, mtu aliyekuja kutibiwa saratani akaondoka na AIHA. Kwa mgonjwa wa saratani hatari hiyo inaweza kubebeka. Kwa mtu mzima anayetaka tu kujisikia vizuri, ni wazimu.

Kwa hiyo muuzaji ana njia mbili tu. Ama dawa yake haiongezi kinga, na anachouza ni jina. Ama inaichokoza kinga kweli, na hapo anawajibika kutuambia inachokoza upande gani, kwa kiasi gani, na nini kitaizuia. Sijasikia muuzaji hata mmoja akilijibu swali hilo.

Wala tusidanganyane kwamba cha asili hakina madhara. Mwaka 1982 watafiti wa Oregon, Marekani, walieleza kwamba nyani wa jamii ya makaka waliolishwa machipukizi ya alfalfa walipata ugonjwa unaofanana na lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia, pamoja na kuvunjika kwa seli nyekundu na kipimo cha Coombs chanya. Kilichotiliwa shaka ni kiambata kiitwacho kanavanini kilichomo kwenye mmea huo. Alfalfa inauzwa duniani kote kama kirutubisho. Na dawa za viwandani zina mkasa huo huo. Methildopa, inayotumika sana kushusha presha kwa wajawazito, hufanya kipimo cha Coombs kiwe chanya kwa mtu mmoja hadi wawili kati ya kila kumi wanaoitumia kwa muda mrefu, ingawa wanaoishia kuvunjika damu hawafiki mmoja kati ya mia. Sindano ya seftriaksoni, mara chache sana, huvunja damu kwa kasi ya kuua. Tofauti ni kwamba madhara ya dawa hizi yameandikwa, yanajulikana na yana wa kuulizwa. Ya kopo lisilo na anwani nani atayaandika?

Najua hoja kubwa ya upande wa pili, nami naiheshimu. Ukanda wetu ulijifunza habari za kinga kwa machozi. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI watambuliwe Kagera mwaka 1983, tumezika ndugu kwa sababu kinga iliwaishia. Tulijifunza kusoma CD4: ikipanda tunashangilia, ikishuka tunalia. Ni haki kabisa kwamba watu waliopitia hayo waone kinga kama kitu cha kupandisha. Lakini tuutazame mfano huo vizuri. Seli zinazohesabiwa kwa CD4 si za aina moja. Ndani ya hesabu hiyo zimo zinazochochea, na zimo zile zile seli za udhibiti. Pia ARV haziongezi kinga. Zinamzuia kirusi asizaliane, mwili ukajijenga upya wenyewe. Na hata kujijenga huko kuna hatari zake. Baadhi ya wagonjwa wanaoanza ARV wakiwa na kifua kikuu hali huwa mbaya zaidi katika wiki za mwanzo, kwa kuwa kinga iliyorejea inashambulia kwa pupa, na wengine hulazimika kupewa prednisoloni ili kuituliza. Mfano unaotegemewa zaidi na watetezi wa kuongeza kinga ndio unaowaangusha.

Wapo watakaotaja lishe. Mtoto mwenye utapiamlo kweli huambukizwa kirahisi, na kumpa chakula na vitamini A ni kumwokoa. Huko ni kujaza pengo. Aliyeshiba hana pengo la kujazwa, na kumwongezea juu ya shibe hakumpi ulinzi wa ziada. Sina ugomvi na mlonge wala tangawizi, vyote ni chakula kizuri. Vileni kama chakula. Wengine watataja chanjo. Chanjo ya surua haipandishi kinga yote. Inafundisha seli chache kumtambua adui mmoja kwa jina na kumkumbuka, na hiyo ndiyo nidhamu ninayoitetea.

Ubaya wa kauli hii unaonekana zaidi pale matibabu yanapoanza. Dawa ya kwanza ya AIHA inayoletwa na IgG ni prednisoloni, kwa kawaida miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Bei yake ni nafuu, na kati ya wagonjwa 70 na 80 katika kila 100 hupata nafuu ndani ya wiki tatu hivi. Hufanya kazi ngazi kwa ngazi. Kwanza hupunguza pupa ya makrofeji, baadaye utengenezaji wa antibodi hushuka, na vipimo vimeonyesha seli za udhibiti zikiongezeka. Kisha dozi hupunguzwa taratibu kwa miezi, na hapo ndipo wengi hurudiwa na ugonjwa wakahitaji dawa nyingine.

Mgonjwa anatoka hospitali, hemoglobini imepanda kutoka 5 hadi 10, macho yameanza kuwa meupe. Ndugu wanakuja kumjulia hali. Mmoja anachukua karatasi ya dawa, anasoma, anashtuka. "Shangazi, hizi zinashusha kinga. Utabaki na nini?" Kesho yake kopo linaletwa. Wiki inayofuata prednisoloni imeachwa. Mwili uliokuwa ukipewa dawa hiyo umeshaacha kutengeneza homoni yake, na kuiacha ghafla kunaweza kushusha presha mpaka mtu akazimia, hata akafa. Akinusurika hapo, antibodi zinarudi kazini. Anarudishwa wodini na gramu 4, na kopo lipo kwenye mkoba. Hakuna aliyemtakia mabaya. Wote walimpenda. Kilichomrudisha ni sentensi moja ya uongo iliyozoeleka mpaka ikaonekana busara.

Sitaficha kwamba dawa za kutuliza kinga zina hatari zake. Prednisoloni hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala na kuwapa nafasi minyoo ya strongiloidi. Rituksimabu, inayofyeka seli B, huweza kuamsha homa ya ini aina ya B, ndiyo maana kipimo chake lazima kitangulie. Anayeondolewa bandama, kwa kuwa ndimo seli zinamovunjwa, hubaki na hatari ya vimelea vya nimonia na malaria kali maisha yake yote, hivyo huchanjwa mapema. Hatari hizo zinathibitisha hoja yangu: kuna kupungua kunakodhuru kama kulivyo na kuzidi kunakodhuru, na kazi ya daktari ni kusimama katikati kwa vipimo, dozi na tarehe za kliniki. Ni kazi ngumu. Haifanyiki kwa kijiko kimoja asubuhi na jioni.

Na tiba zinavyoendelea, zinazidi kulenga shabaha. Jaribio moja la Denmark lililochapishwa mwaka 2013 liliwagawa wagonjwa 64: nusu walipewa prednisoloni peke yake, nusu wakaongezewa rituksimabu. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa bado na nafuu ya kuridhisha walikuwa asilimia 36 upande wa kwanza na 75 upande wa pili. Ilipogundulika kwamba wengine hawaponi hata kwa rituksimabu, watafiti walizichunguza bandama walizotolewa, wakakuta seli za plazma za muda mrefu zimejificha humo, seli ambazo dawa hiyo haizioni. Kwa AIHA ile ya antibodi zinazopenda baridi, mwaka 2022 Marekani iliidhinisha sutimlimabu, inayofunga mlango mmoja tu wa komplementi na kuiacha milango mingine. Mwaka huo huo madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walieleza wagonjwa watano wa lupasi waliotibiwa kwa seli T zao wenyewe, zilizobadilishwa maabara ili zizifyeke seli B. Wote watano walitulia, wakaacha dawa, na miezi michache baadaye seli B zilipoota tena zilikuwa changa, hazina tabia ya zile za zamani. Hakuna aliyeongeza kinga hapo. Iliondolewa sehemu iliyoharibika, na utaratibu ukarudi.

Kwa hiyo nawataka wanaohusika waache. Vituo vya redio viache kupokea fedha za matangazo yanayoahidi kuongeza kinga bila ushahidi. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Limuulize kila anayetumia maneno hayo: unaongeza nini, na umepimaje? Wahudumu wa afya waache kumwambia mgonjwa wa prednisoloni kwamba dawa inashusha kinga, kisha wakaishia hapo. Wamwambie inaituliza kinga iliyokuwa inamuua, wampe na tarehe ya kurudi.

Nawe msomaji, ukimwona ndugu ana upungufu wa damu, macho ya njano na mkojo mweusi, na vidonge vya chuma havimsaidii, mpeleke hospitali na uulize kama kipimo cha Coombs kimefanyika. Akianzishiwa prednisoloni, asiiache hata siku moja bila daktari kusema. Na atakayekuja na kopo la kuongeza kinga, mrudishie kopo lake. Mgonjwa huyo kinga anayo ya kutosha.